Unachoma sindano ya kupunguza uzito, mizani inapanda: tatizo liko wapi?

Mtu ameanza sindano ya semaglutide akiwa na kilo 110. Miezi ya mwanzo kilo zinashuka, nguo zinampwaya, wenzake kazini wanauliza siri yake. Anafika kilo 95, mizani inasimama. Baada ya wiki kadhaa inasoma 96, halafu 98, na sindano hajaiacha. Anachosikia kwa watu wake wa karibu ni kimoja: lazima anakula kwa kujificha. Naye hufika mahali akaamini hivyo, akaona haya kurudi kliniki, akaacha dawa kimya kimya.

Hukumu hiyo hutolewa mapema mno, na huwaumiza watu waliokwisha kubezwa vya kutosha kwa sababu ya miili yao. Uzito unaopanda mtu akiwa kwenye dawa una sababu nyingi. Baadhi zimo kwenye sindano yenyewe, nyingine kwenye dawa nyingine anazotumia, nyingine kwenye ugonjwa ambao haujagunduliwa, na nyingine ni jinsi mwili wa binadamu ulivyoumbwa kulinda akiba yake. Ulaji umo kwenye orodha, ila hauna haki ya kuwa mshtakiwa wa kwanza na wa pekee.

Dawa inafanya nini hasa

Baada ya kula, utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimetosha. Ile ya asili hudumu dakika chache tu. Semaglutide imetengenezwa kuiga kazi hiyo na kukaa mwilini muda mrefu: baada ya wiki moja, nusu yake bado ipo. Ikiuzwa kwa jina la Ozempic, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili, na Wegovy, yenye kiambato hicho hicho, mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Tirzepatide, inayouzwa kama Mounjaro na Zepbound, huiga homoni mbili kwa pamoja.

Dawa hizi zinatuliza njaa, lakini haziyeyushi mafuta. Tofauti hiyo ni kubwa, maana kalori zinazoingia bila kungoja njaa bado zina njia. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni kalori karibu 200, yaani kama 6,000 kwa mwezi. Hakuna anayekunywa chai kwa sababu ana njaa. Tunakunywa kwa sababu mgeni amefika, au ni saa nne ofisini. Soda na juisi ni vivyo hivyo.

Halafu kuna suala la wastani. Utafiti mkubwa wa semaglutide uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha watu 1,961 wasio na kisukari kwa wiki 68, na waliopewa dawa walipungua asilimia 14.9 kwa wastani. Namba hiyo ndiyo inayotajwa na kila muuzaji. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba karibu watu 14 katika kila 100 hawakufikisha hata asilimia 5, na wapo ambao uzito wao uliongezeka. Hao walikuwa wakifuatiliwa na kushauriwa kuhusu chakula na mazoezi kama wenzao. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, utafiti mwingine wa dawa hiyo hiyo ulipata wastani wa asilimia 9.6 tu. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayejilinganisha na dada aliyemwona Instagram anajipima kwa kipimo kisicho chake.

Mwili unaitaka akiba yake irudi

Mtu aliyetoka kilo 110 hadi 95 ana mwili mdogo, na mwili mdogo hutumia nishati kidogo hata ukiwa umelala. Hilo linaeleweka. Kinachosumbua ni kwamba matumizi hushuka zaidi ya ambavyo ukubwa mpya wa mwili ungetarajiwa kusababisha. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwapima watu 14 waliokuwa wamepungua sana kwenye shindano la televisheni miaka sita kabla. Wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na bado miili yao ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao.

Upande wa pili ni njaa. Mafuta yakipungua, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta hayo hushuka, na ubongo husoma kushuka huko kama dalili ya ukame. Mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walikadiria kwamba kila kilo moja anayopoteza mtu huongeza msukumo wa kula kwa karibu kalori 100 kwa siku. Mtu aliyepungua kilo 15 ana msukumo wa kalori 1,500 kila siku. Hakuna nia njema inayoweza kuubeba mzigo huo peke yake miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana nasema lawama hazina msingi.

Sindano inasaidia kuuzuia msukumo huo, ila haiuondoi. Ipo siku nguvu ya dawa na nguvu ya njaa zinalingana, na hapo mizani husimama. Ni tukio la kawaida, linampata karibu kila mtumiaji. Na kwa kuwa mtu amefika mahali pa mizania, jambo dogo tu linatosha kumrudisha juu: kuruka dozi mbili, kuumia mguu na kuacha kutembea, mwezi wa harusi tatu mfululizo, au kidonge kipya alichoandikiwa kwa tatizo lingine kabisa.

Akiacha kabisa, picha huwa kali zaidi. Washiriki wa ule utafiti wa wiki 68 waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa tirzepatide, watu waliopungua asilimia 20.9 kwa wiki 36 kisha wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa, bila kujua, waliongezeka asilimia 14 katika mwaka uliofuata. Walioendelea na dawa walipungua zaidi. Ni kama dawa ya presha: inafanya kazi ukiwa unaitumia. Anayekaa mwezi bila sindano kwa sababu fedha zimekata yumo kwenye kundi hili, hata kama akiulizwa atasema "natumia".

Na katika kilo zinazoondoka, si zote mafuta. Kwenye ule utafiti wa semaglutide wa wiki 68, kwa washiriki waliopigwa picha za kupima tishu za mwili ilionekana kwamba karibu asilimia 40 ya walichopoteza haikuwa mafuta, na misuli imo humo. Misuli ndiyo inayotumia nishati nyingi. Anayekula kidogo na akakosa protini, akishiba kwa uji na vipande vya chapati, anapoteza misuli mingi zaidi, na kilo zikirudi huja zaidi kama mafuta. Maharage, dagaa, mayai, kunde, samaki, maziwa ya mgando vinatakiwa vitangulie kwenye sahani wakati tumbo bado lina nafasi, na mazoezi ya kutumia nguvu yawepo hata kama ni kuinuka na kukaa kwenye kiti mara nyingi.

Kilo mbili za Ijumaa hadi Jumapili

Kuongeza kilo moja ya mafuta kunahitaji kalori takriban 7,700 juu ya mahitaji ya mwili. Kilo mbili kwa siku mbili zingehitaji ziada ya 15,400, na hilo halitokei kwa sahani ya pilau. Ongezeko la ghafla la namna hiyo karibu kila mara ni maji, au choo.

Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Ndiyo maana mtu aliyekula kidogo sana kwa siku kadhaa, kisha akala wali vizuri, hupanda. Chumvi huvuta maji. Siku za kuelekea hedhi hushika maji. Na dawa hizi hufunga choo: kwenye majaribio ya Wegovy, karibu mtu mmoja kati ya wanne alilalamikia hilo. Kujipima kila siku kunamfanya mtu ateseke bure. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ile ile, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Utepe wa kupima kiuno nao husema mambo ambayo mizani haiwezi kusema.

Lakini maji si ya kupuuzwa wakati wote. Uzito ukipanda kwa siku chache pamoja na miguu kuvimba, pumzi kukatika ukipanda ngazi, au kushindwa kulala bila mito mingi, hapo moyo, figo au ini vinaweza kuwa vimezidiwa, na safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Uso na mikono vikivimba ghafla kwa mjamzito, pia.

Je, dawa inafika mwilini kweli?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe mapema, hasa kwetu ambako dawa hizi ni ghali na zinapita mikono mingi.

Semaglutide huanza na miligramu 0.25 kwa wiki. Dozi hiyo ipo ili tumbo lizoee, haijakusudiwa kupunguza uzito. Hupandishwa kila baada ya wiki nne: 0.5, kisha 1, kisha 1.7, hadi 2.4, safari ya wiki 16. Kuna wanaobaki kwenye 0.25 au 0.5 miezi mingi kwa sababu ya bei, na kuna wanaorefusha siku kati ya sindano na sindano hadi wiki mbili. Baada ya wiki mbili imebaki robo tu ya dozi ya mwisho. Njaa inayorudi siku za mwisho kabla ya sindano ni hesabu ya dawa, haina uhusiano na tabia ya mtu.

Halafu joto. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa maelekezo ya Marekani, Ozempic iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, miezi ya joto nyuzi 30 hupitwa kabla ya saa sita mchana, achilia mbali ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kalamu iliyoganda kwenye friza haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Sindano iliyosafiri kwenye begi la mtu kutoka Dubai, ikauzwa kwa WhatsApp, haina anayeweza kuapa ilipitia joto gani.

Na zipo bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na likaeleza kwamba bidhaa za namna hiyo zinaweza kukosa kiambato kabisa au kuwa na kingine, kama insulini. Insulini kwa asiyeihitaji inaweza kushusha sukari hadi akapoteza fahamu. Njaa kali, jasho na kutetemeka muda mfupi baada ya sindano ni dalili za kutafuta msaada mara moja.

Vidonge vya semaglutide vina masharti yao. Kinachofyonzwa ni chini ya asilimia 1 ya kilichomo kwenye kidonge, hivyo humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji yasiyozidi nusu kikombe, na mtu husubiri nusu saa kabla ya kula, kunywa au kumeza dawa nyingine. Akikimeza na chai ya asubuhi, amekimeza bure.

Orlistat, inayopatikana kwenye maduka mengi ya dawa, ni kitu tofauti kabisa. Huzuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Njaa haiigusi, wala wanga na sukari. Mtumiaji anayeogopa choo cha mafuta huanza kukwepa vya kukaanga na kujaza sahani kwa ugali, wali na mkate, akishushia na soda, na kwa vyakula hivyo kidonge hakina la kufanya.

Kabati la dawa za nyumbani

Hapa ndipo nimeona jibu likifichika mara nyingi, kwa sababu kila dawa iliandikwa na daktari wake na hakuna aliyezisoma zote kwa pamoja.

Insulini na vidonge vya kisukari vya glibenclamide na glimepiride huongeza uzito. Kabla ya tiba, sukari nyingi ilikuwa ikitoka na mkojo. Ikidhibitiwa inabaki mwilini. Tena sukari ikishuka mno mtu hulazimika kula hata kama hataki. Daktari anayeanzisha semaglutide kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi hupunguza dawa hizi. Mtu akijianzishia mwenyewe, hakuna anayezipunguza. Prednisolone ya pumu au ya viungo, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, huamsha njaa na kujaza maji. Olanzapine, quetiapine na risperidone za magonjwa ya akili, valproate ya kifafa, amitriptyline inayotolewa kwa maumivu ya neva na kipandauso, atenolol na propranolol za presha na moyo, zote zinajulikana kwa hilo, kwa viwango tofauti. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na wengi huichoma kliniki tofauti kabisa na wanakopata dawa nyingine.

Kwa wanaoishi na VVU, utafiti uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotumia dolutegravir waliongezeka uzito kuliko waliotumia dawa ya zamani ya efavirenz, hasa wanawake, na zaidi ilipochanganywa na aina mpya ya tenofovir, dawa nyingine ya VVU. Dolutegravir ndiyo msingi wa tiba Kenya na Tanzania leo. Ni dawa nzuri sana, na asiiache mtu kwa ajili ya kilo. Vivyo hivyo insulini, dawa za kifafa na za akili; prednisolone ya muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kumwangusha mtu. Kazi ya kubadilisha ni ya daktari aliyeiandika, akiwa na orodha nzima mbele yake.

Kuna steroidi nyingine ambazo wenyewe hawajui kama wanazitumia. Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na clobetasol, steroidi kali inayopenya ngozini. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, inaweza kuleta uso wa duara, tumbo kujaa huku mikono na miguu ikikonda, michirizi ya rangi ya zambarau, presha na sukari kupanda. Unga wa "mitishamba" wa maumivu ya viungo nao si salama kwa jina lake tu: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za namna hiyo zilizokutwa na dexamethasone, steroidi nyingine, ambayo haikuandikwa kwenye kopo. Mgonjwa akiulizwa "unatumia dawa gani?" hatataja krimu. Inabidi aulizwe krimu kwa jina lake.

Magonjwa pia yapo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kivivu, mtu huhisi baridi, uchovu, ngozi kukauka na choo kufunga. Dalili mbili za mwisho ni rahisi kuzitwika dawa au hali ya hewa. Kipimo cha damu hutoa jibu.

Na mimba. Uzito ukishuka, wanawake waliokuwa wakikosa hedhi huanza kupata mayai tena, wakati mwingine bila kujua. Tirzepatide hupunguza kiasi cha vidonge vya uzazi wa mpango kinachofyonzwa. Ushauri ni kuongeza kondomu au njia nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza na wiki nne baada ya kila kupandisha dozi. Semaglutide inapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Kwa hiyo mwanamke anayepanda kilo akiwa na kichefuchefu asiseme haraka ni sindano. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kitangulie.

Unaporudi kliniki

Beba kila kitu: kalamu yenyewe na boksi lake, vidonge vyote, krimu, unga wa mitishamba, kadi ya uzazi wa mpango. Andika tarehe za sindano, pamoja na zile ulizoruka na sababu zake. Kama ni fedha, sema ni fedha. Daktari akijua hilo anaweza kupanga dozi au dawa unayoimudu, asipojua atapandisha ile inayokushinda. Taja uzito wa mwanzo, wa chini kabisa na wa sasa. Yule wa kilo 110 aliyefika 95 na sasa ana 98 bado yuko chini kwa karibu asilimia 11, na kwa presha, sukari na magoti hilo ni badiliko kubwa, hata kama yeye anaona ameshindwa.

Kuna wakati jibu ni kwamba dawa hii haimfai mtu huyu. Mwongozo wa Uingereza unashauri kufikiria kuacha semaglutide kama baada ya miezi sita mtu hajapungua asilimia 5. Anaweza kuhamishiwa tirzepatide, au kufikiriwa upasuaji, au kubadilishiwa ile dawa nyingine iliyokuwa ikivuta upande wa pili.

Asichopaswa kufanya ni kujiongezea dozi nyumbani kwa sababu mizani imemuudhi. Mwaka 2024 Marekani ilitoa onyo baada ya watu waliojipimia semaglutide ya vichupa kwa bomba la sindano kujichoma mara 5 hadi 20 ya kiasi kilichokusudiwa, na baadhi yao walilazwa. Kutapika kwa siku mbili mfululizo hukausha maji mwilini na kunaweza kuharibu figo, na kwa kuwa dawa hukaa mwilini wiki kadhaa, ikishaingia hakuna namna ya kuitoa.